Klachi ya Pikipiki za Kiingereza na Ufundi wa Kuifufua

Klachi, yaani sehemu inayounganisha nguvu ya injini na giaboksi na kuitenganisha pale dereva anapotaka, ilichelewa kuingia katika pikipiki, na hata ilipoingia ilipokewa kwanza kama anasa ya wenye fedha kabla ya kukubalika kuwa jambo la lazima. Dereva wa leo, ambaye hawezi kusimama kwenye taa za barabarani bila kubana mkono wa klachi, atashangazwa na kuchelewa huko, lakini sababu yake huonekana pindi historia ya chombo chenyewe inapofuatwa tangu kilipokuwa baiskeli iliyopachikwa injini. Ni katika Uingereza, hasa katika miji ya Birmingham, Coventry na Nottingham, ambako klachi ya pleti nyingi ilienea mapema na kwa wingi, na ni huko pia ulikojengeka utamaduni wa mwenye pikipiki kuifungua klachi yake mwenyewe, kuikagua na kubadilisha vilivyolika, utamaduni ambao umeishi muda mrefu kuliko viwanda vilivyouzaa.

Chombo cha majaribio kilichoundwa na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach nchini Ujerumani mwaka 1885 kilipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa mkanda wa ngozi, na mkanda huo uliweza kulegezwa au kukazwa, kwa hiyo injini iliweza kunguruma ilhali chombo kimesimama. Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, ile ya Hildebrand & Wolfmüller iliyotoka Munich mwaka 1894, haikuwa hata na uhuru huo mdogo, kwa kuwa fimbo za pistoni zake ziliungwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma, nalo gurudumu hilo ndilo lililotumika kuutunza mzunguko wa injini. Injini ikizunguka, gurudumu huzunguka. Gurudumu likisimama, injini huzimika. Waundaji waliofuata waliacha fimbo wakarudi kwenye mkanda, lakini wengi wao walibakiza kanuni ileile ya kuunganisha bila kutenganisha, na mnunuzi wa miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alitarajiwa kuisukuma pikipiki yake huku akikimbia kando yake, kisha kuirukia injini ikishika, au kuipigia pedeli kama baiskeli mpaka iwake. Kila aliposimama kumpisha mkokoteni wa farasi, kazi hiyo ilianza upya.

Mashindano ndiyo yaliyoufichua udhaifu huo mbele ya watu wote. Mashindano ya Tourist Trophy yalianza katika Kisiwa cha Man mwaka 1907, na katika mwaka huo wa kwanza pikipiki ziliruhusiwa kuwa na pedeli ili dereva aisaidie injini kupanda mlima. Mwaka uliofuata pedeli zikapigwa marufuku. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1911, pale mashindano yalipohamishiwa kwenye njia ya milimani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, inayopanda ubavu wa mlima Snaefell, mahali ambapo mkanda mmoja wenye gia moja haukufua dafu. Katika mbio za daraja la juu za mwaka huo, nafasi tatu za kwanza zilichukuliwa na pikipiki za Indian kutoka Marekani, zilizokuwa na klachi, gia mbili na mnyororo badala ya mkanda. Watengenezaji wa Kiingereza walishindwa nyumbani kwao, tena na kitu ambacho wengi wao walikuwa wakikiona kuwa mzigo wa ziada, na ni vigumu kukubaliana na wale wanaosimulia tukio hilo kana kwamba lilikuwa ushindi wa injini kubwa tu.

Jibu la Waingereza halikuwa la aina moja. Alfred Angas Scott tayari alikuwa akiunda pikipiki zenye gia mbili za mnyororo zilizoendeshwa kwa kanyagio la mguu, nazo zilishinda mbio za daraja la juu katika kisiwa hichohicho mwaka 1912 na 1913. Triumph ya Coventry iliuza modeli yenye klachi ya pleti nyingi iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mteja akalipia ziada kwa ajili ya kile kilichoitwa injini huru, yaani uwezo wa kuiacha injini ingurume huku pikipiki imetulia. Harley-Davidson nayo, ng'ambo ya bahari, iliweka klachi katika kitovu cha nyuma mwaka 1912. Mahali hapo palikuwa pabaya kwa klachi, kwa sababu fundi alilazimika kutoa gurudumu zima ili azione pleti, na vumbi na matope ya barabarani yaliishambulia bila kizuizi. Giaboksi ilipohamia katikati ya fremu, nyuma ya injini, klachi ikaifuata na kupata makazi yake ya kudumu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyouimarisha mpangilio huo. Triumph Model H iliyotoka mwaka 1915, yenye injini ya sentimita za ujazo 550, giaboksi ya Sturmey-Archer yenye gia tatu na klachi, haikuwa na pedeli tena, na takriban 30,000 kati yake zilipelekwa jeshini, ambako zilitumiwa zaidi na matarishi wa barua za kijeshi. Afrika Mashariki nayo iliziona pikipiki katika vita hivyo, kwani jeshi la Jenerali Jan Smuts lililoingia katika koloni la Wajerumani mwaka 1916 lilikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Maelfu ya vijana waliorudi kutoka vitani walikuwa wamejifunza kuikaza klachi shambani, mbali na karakana yoyote, na hao ndio waliokuwa wateja wa miaka ya 1920. Kufikia mwisho wa mwongo huo mkanda ulikuwa umekaribia kutoweka katika pikipiki za Kiingereza, na viwanda vingi vidogo vilivyokosa mtaji wa kuunda giaboksi zao wenyewe vilizinunua zikiwa kamili, pamoja na klachi zake, kutoka kwa Sturmey-Archer ya Nottingham au kutoka kwa Burman na Albion za Birmingham. Kwa sababu hiyo pikipiki zenye majina tofauti kabisa kwenye tangi la mafuta ziliweza kutumia pleti zilezile, jambo ambalo mafundi wa leo wanaozifufua bado wanafaidika nalo.

Kanuni ya klachi ya pleti nyingi ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mnyororo wa kwanza, yaani ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi, huzungusha ngoma ya klachi, ambayo ni bakuli la chuma lenye meno ya sproketi kwa nje na mianya iliyokatwa ukutani mwake. Ndani ya ngoma kuna kitovu kilichokazwa kwenye shafti ya giaboksi. Kati ya ngoma na kitovu hupangwa pleti za aina mbili kwa kupokezana: pleti za msuguano, ambazo meno yake ya nje hukaa katika mianya ya ngoma na hivyo huzunguka pamoja na injini, na pleti tupu za chuma, ambazo meno yake ya ndani huingia katika kitovu na hivyo huzunguka pamoja na giaboksi. Springi huzibana zote kwa pamoja chini ya pleti ya kubana, na msuguano huzifanya zizunguke kama kitu kimoja. Dereva akivuta mkono wa klachi, fimbo nyembamba inayopita katikati ya shafti ya giaboksi, ambayo imetobolewa kwa kusudi hilo, huisukuma pleti ya kubana, springi hubanwa, pleti huachana, na injini hubaki ikizunguka peke yake.

Ugumu ulikuwa katika kupata kitu cha kuzivika pleti za msuguano. Kwa muda mrefu jibu lililopendwa na Waingereza lilikuwa gome laini la mwaloni, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa na kuvunwa hasa nchini Ureno na Hispania. Vipande vya gome hilo vilishindiliwa katika matundu ya pleti vikachomoza kidogo pande zote mbili, na kwa kuwa gome hilo hubonyea na kurudi bila kuharibiwa na mafuta, klachi iliweza kuoga katika oili ya mnyororo wa kwanza na bado ikashika kwa ulaini mkubwa. Fundi aliyetaka kuvibadilisha vipande vilivyochakaa alivilainisha kwanza katika maji ya moto, akavishindilia katika matundu vikiwa bado laini, kisha akavisugua mpaka vyote vikawa na kimo kimoja. Gome hilo lilikuwa na adui mmoja, nao ni joto: dereva aliyezoea kuiachia klachi nusunusu katika msongamano aliviunguza vipande hivyo hadi vikawa majivu. Kwa pikipiki zilizofanya kazi nzito kulikuwa na vitambaa vya kusuguana vya Ferodo, kampuni iliyotokana na kazi ya Herbert Frood, mtu wa Derbyshire aliyeanza kutengeneza vizuizi vya breki za mikokoteni mwaka 1897, na vitambaa hivyo baadaye vilifumwa kwa asbesto kwa sababu nyuzi zake hazishindwi na moto. Katika miaka ya 1950 nafasi ya vyote viwili ilianza kuchukuliwa na vipande vilivyochanganywa gome la mwaloni na mpira bandia, vikagandishwa kwa gundi juu ya chuma.

Klachi iliyofunguliwa na watu wengi zaidi katika historia hii ni ile ya pikipiki za Triumph za mitungi miwili, ukoo ulioanzishwa na Edward Turner kwa modeli ya Speed Twin ya mwaka 1937 na ulioendelea kutengenezwa Meriden baada ya kiwanda cha Coventry kuteketezwa na mabomu ya Wajerumani mwezi Novemba 1940. Kiwanda kiliandika vitabu vya maelekezo kwa ajili ya mnunuzi mwenyewe, kikamwekea mfuko wa spana pamoja na pikipiki, na kikachukulia kwamba atakayefungua kifuniko cha upande wa kushoto ni mtu wa kawaida mwenye jioni moja na taa nzuri. Ilikuwa ni kumheshimu mnunuzi kwa namna ambayo watengenezaji wa leo wameiacha, na heshima hiyo imechangia kuziokoa pikipiki hizo kuliko ubora wa chuma chake, ambao mara nyingi ulikuwa wa wastani.

Ukaguzi huanza kabla ya spana kushikwa, kwa sababu klachi huugua kwa namna mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kuteleza: injini hupandisha mlio lakini mwendo hauongezeki, hasa kwenye mlima, na hapo fundi hushuku vipande vya msuguano vilivyokwisha, springi zilizochoka au waya wa klachi uliokazwa mno hata pleti haziachwi zibanane sawasawa. Ya pili ni kushikilia: mkono umevutwa mpaka mwisho lakini pleti hazikuachana, gia huingia kwa kelele na pikipiki hujivuta mbele. Ugonjwa huu wa pili ulikuwa maarufu asubuhi za baridi, kwani oili iliyolala usiku kucha kati ya pleti huzigandisha, na wazoefu huvuta mkono wa klachi na kupiga kiki mara kadhaa kabla ya kuwasha ili kuzibandua.

Kifuniko kikishatolewa, nati zinazoshikilia springi hufunguliwa kwa bisibisi iliyopasuliwa katikati, kwa kuwa chini ya kila nati kuna kinundu kinachong'ang'ania koili ya springi ili nati isilegee yenyewe, na springi hupaswa kusukumwa kando huku nati ikigeuzwa. Pleti hutolewa moja baada ya nyingine na kulazwa kwenye kipande cha kioo cha dirisha, kwa maana kioo ni bapa kabisa. Pleti ya chuma iliyopinda kwa joto huyumba juu yake au hupitisha mwanga ukingoni, na pleti ya namna hiyo hainyooshwi bali hutupwa. Fimbo ya kusukumia nayo huviringishwa juu ya kioo hichohicho ili kuona kama imepinda, na ncha zake hukaguliwa, kwani ncha iliyopoteza ugumu wake huwa bluu, hulika upesi na kufupisha fimbo. Springi hupimwa urefu na kusimamishwa pamoja, na iliyofupika huondolewa pamoja na wenzake wote, hata kama wengine wanaonekana wazima.

Sehemu inayodai uvumilivu zaidi ni ngoma. Kwa miaka mingi meno ya pleti yamekuwa yakigonga kingo za mianya yake kila gesi inapofunguliwa na kufungwa, na kila jino limejichimbia kibonyeo. Pleti zinapotaka kuachana, meno hunasa humo na klachi hushikilia hata kama kila kitu kingine ni kipya. Fundi hupitisha tupa bapa mpaka kingo ziwe nyoofu, akiondoa kiasi kilekile katika kila mwanya, kwa sababu mwanya mmoja ukiachwa mwembamba jino lake litabeba mzigo wa mengine yote. Vibonyeo vikiwa virefu mno ngoma hubadilishwa. Nyuma ya ngoma, kwenye pikipiki za miaka ya 1960, kuna roli 20 zisizo na kizimba, kila moja ikiwa na kipenyo cha robo inchi na urefu uliopungua kidogo chini ya hapo, ambazo hupangwa moja moja juu ya grisi nzito ili zisidondoke. Tofauti hiyo ndogo ya urefu ina uzito wake: anayeweka roli za urefu kamili wa robo inchi anaweza kuibana ngoma isizunguke kwa uhuru, kisha akatafuta kosa katika pleti ambazo hazina hatia.

Kitovu chenyewe kinaeleza kipande kingine cha historia. Hapo awali springi ya kupunguza mishtuko ya injini ilikaa kwenye ncha ya shafti ya injini, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 Triumph ilipoanza kuweka jenereta ya mkondo geu mahali hapo, nafasi ikakosekana, na kazi ya kupunguza mishtuko ikahamishiwa ndani ya kitovu cha klachi, kwenye vipande vya mpira vilivyobanwa kati ya mabawa ya chuma. Mpira huo huzeeka, hugeuka uji mweusi katika oili, na kuubadilisha ndiyo hatua inayowatoa jasho wengi, kwa kuwa vipande vipya huingia kwa kulazimishwa.

Wakati wa kurudisha, nati za springi hukazwa kwa jicho zaidi kuliko kwa namba. Mkono wa klachi huvutwa na kufungwa, kiki huzungushwa taratibu, na fundi huitazama pleti ya kubana: ikiyumba, upande unaochomoza zaidi ni upande wa springi iliyolegea, na nati yake hukazwa nusu mzunguko, kisha hutazamwa tena, mpaka pleti izunguke bila kuyumba. Hakuna kipimo cha duka kinachoishinda njia hiyo. Anayetumia spana zake za milimita kwa kazi hii huharibu vichwa vya bolti, kwani pikipiki za Kiingereza zilifungwa kwa nyuzi za Whitworth, mfumo ulioasisiwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, na kwa nyuzi za baiskeli zenye mizunguko 26 kwa inchi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilipoanza kuhamia mfumo wa pamoja na Marekani.

Viwanda vingine vilikwenda njia zao. Velocette ya Hall Green, Birmingham, ilitumia klachi nyembamba iliyofichwa nyuma ya sproketi ya mnyororo wa mwisho, ikirekebishwa kwa pini iliyopitishwa katika tundu la sproketi hiyo, na ambaye hakukisoma kitabu chake aliivuruga kwa dakika chache. Vincent ya Stevenage iliunda klachi iliyojisaidia yenyewe, ambamo pleti moja ndogo ilisababisha viatu kama vya breki kuibana ngoma kwa nguvu ya injini. Norton Commando ya mwaka 1967 iliacha springi nyingi ndogo ikatumia springi moja pana yenye umbo la sahani, na mkono wa klachi ukawa mwepesi sana, lakini springi hiyo haitolewi kwa usalama bila kifaa maalumu cha kuibana. Hapo mwenye pikipiki alianza kutenganishwa na klachi yake.

Japani ilikamilisha utengano huo kwa njia ya ubora. Honda Super Cub ya mwaka 1958 iliondoa kabisa mkono wa klachi kwa kutumia klachi inayojibana yenyewe injini inapozunguka kasi, na hadi mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Honda kubwa kama CB750 ya mwaka 1969 zilibaki na pleti nyingi ndani ya oili, kanuni ileile inayotumika leo katika pikipiki nyingi za bodaboda kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, ila zilidumu muda mrefu bila kuguswa. Viwanda vya Kiingereza havikustahimili: Velocette ilifungwa mwaka 1971, BSA ya Small Heath ikaanguka mapema miaka ya 1970, na kiwanda cha Triumph cha Meriden, kilichoendeshwa na ushirika wa wafanyakazi wake kuanzia mwaka 1975, kikafunga milango mwaka 1983.

Pikipiki zenyewe zilibaki, kwa sababu watu wa kuzitunza walikuwa wamekwisha kujipanga. Chama cha Vintage Motor Cycle Club kiliundwa Uingereza mwaka 1946, na karakana ndogo zilirithi michoro na vipimo vya viwanda vilivyokufa zikaendelea kutengeneza pleti, springi na ngoma. Royal Enfield, ambayo ilianza kutengenezwa Madras nchini India mwaka 1955, iliendelea huko hata baada ya kampuni mama ya Uingereza kufa mwaka 1970, na spea za India zikarudi kuhudumia pikipiki za Ulaya. Ubora wa spea hizi mpya hautabiriki, na pleti nzuri ya zamani iliyosafishwa mara nyingi hushinda mpya iliyokatwa vibaya.

Lipo jambo moja katika urithi huu lisilostahili kuhifadhiwa. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, lakini pleti zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zinauzwa zikiwa ndani ya maboksi yake ya awali, na bado zimo ndani ya pikipiki ambazo hazijafunguliwa tangu zilipotoka kiwandani. Anayefungua klachi ya zamani, popote alipo, asipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, na asilisugue likiwa kavu. Alilowanishe, alifute kwa kitambaa chenye maji, akifunge kitambaa hicho ndani ya mfuko na kukitupa mbali na watoto.